Bima ya restora Kindu: historia inatuachia maswali matatu

Tangu mwaka 2019, mwenye restora hapa Kindu anayetaka kulipa bima ana jambo ambalo wazazi wake hawakuwa nalo: anaweza kuchagua kampuni. Kwa karibu miaka 50 kabla ya hapo, nchi nzima ilikuwa na kampuni moja tu ya bima, SONAS, mali ya leta. Ukitaka bima, unaenda huko. Usipotaka, unabaki na bahati yako.

Lakini kuchagua ni kazi. Mkataba umeandikwa Kifaransa, bei mara nyingi inatajwa kwa dola, na makao makuu ya kampuni yako Kinshasa. Kwa hiyo wengi, wawe Kasuku, Mikelenge au ng'ambo ya mto huko Alunguli, wanajibu kwa kifupi: asiransi ni kutupa makuta. Jibu hilo halikutoka hewani. Limezaliwa na mambo ambayo wazee wetu waliyaona kwa macho yao. Ndugu wasomaji, tukiyafuata mambo hayo moja baada ya jingine, tutapata maswali matatu ambayo kila mwenye restora anapaswa kuuliza kabla ya kutia saini.

Jiko lililochoma mji

Bima ya moto ilianzia jikoni. Tarehe 2 Septemba 1666, moto uliwaka katika nyumba ya mwoka mikate mmoja wa London, Thomas Farriner. Mji ulikuwa wa nyumba za mbao zilizobanana. Moto uliendelea siku kadhaa na kuteketeza nyumba zaidi ya 13,000 pamoja na makanisa 87. Watu waliokuwa na mali asubuhi walilala bila kitu. Miaka michache baadaye, karibu na 1680, daktari mmoja aliyegeuka mjenzi, Nicholas Barbon, alianzisha ofisi ya kulipia nyumba zilizoungua: wengi wanatoa kidogo kila mwaka, na yule anayeunguliwa anapewa cha kujengea.

Bima ya meli nayo ilikulia mahali pa kunywa kahawa. Katika miaka hiyo ya 1680, bwana Edward Lloyd alifungua nyumba ya kahawa London. Manahodha na wafanyabiashara walikaa hapo kungojea habari za meli, na wenye pesa wakawa wanaandika majina yao chini ya karatasi, kila mmoja akichukua sehemu ya hatari ya safari moja. Kutoka meza zile ndipo lilipotoka soko la bima linaloitwa Lloyd's hadi leo.

Siri yao ilikuwa moja: hatari isikae mtaa mmoja. Meli moja ikizama, nyingine nyingi zinafika. Nyumba ya mtaa huu ikiungua, za mitaa mingine zinasimama. Tushike neno hilo, tutalihitaji mbele.

Neno lilikuja kwa njia ya pwani

Neno lenyewe "bima" ni la wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, kutoka lugha za Wahindi na Waajemi. Lilifuata bahari ileile iliyotuletea Kiswahili, lugha iliyopandishwa na misafara ya Zanzibar hadi Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Lakini misafara yenyewe haikuishi kwa bima. Iliishi kwa mkopo. Tippu Tip alipata mali ya safari zake kwa tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, Taria Topan. Mkopo na bima si kitu kimoja. Mali ikipotea njiani, bima inakulipa, lakini mkopo unabaki shingoni mwako. Hapa kwetu watu walizoea kukopa muda mrefu kabla ya kujua kulindwa.

Kisha likaja koloni. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, iliundwa mwaka 1902 kwa mtaji wa Baron Empain wa Ubelgiji, na kufikia 1911 gari moshi lilikuwa linatembea kati ya Kindu na Kongolo. Mji wetu ukaitwa Port-Empain. Bima ya zama hizo ilikuwa mikononi mwa kampuni za ng'ambo, na wateja wake walikuwa kampuni kubwa na wafanyabiashara wageni. Mama aliyeuza chakula karibu na gare hakuwa katika hesabu hiyo.

Mlango mmoja

Baada ya uhuru, leta iliamua kwamba pesa za bima zisiendelee kwenda nje. Novemba 1966 iliunda SONAS, na mwaka 1967 ikaipa haki ya kufanya kazi hiyo peke yake. Mwaka 1973 bima ya magari ikawa lazima kwa kila mwenye chombo, na mwaka 1974 sheria ikafanya bima ya moto kuwa lazima kwa majengo fulani.

Nia inaeleweka. Lakini mlango ukiwa mmoja, anayengoja nje hana nguvu. Mteja aliyecheleweshewa fidia hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Malalamiko ya watu walioungua au kugongwa na kungoja malipo miaka mingi yalisikika nchi nzima. Hapo ndipo watu walipoanza kuiona bima kama kodi nyingine tu: kikaratasi cha kumwonyesha polisi barabarani. Kwamba kikaratasi hicho kinaweza kujenga jiko upya, wachache waliamini.

Makuta yaliyoyeyuka

Jambo la pili lilikuwa la pesa yenyewe. Mwaka 1967 zaïre moja ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Mwaka 1993 serikali ilileta nouveau zaïre, na ili upate moja ilibidi utoe zaïre milioni 3 za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda karibu asilimia 9,800 ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1998 ikaja faranka ya Kongo, na moja ilichukua nafasi ya nouveau zaïre 100,000.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mwenye restora aliandikisha jiko, meza na frigo zake mwaka 1975 kwa zaïre 10,000. Wakati huo hizo zilikuwa dola 20,000, mali ya mtu mzito. Kama mkataba wake ungebaki na tarakimu ileile hadi 1993, zaïre zake 10,000 zingekuwa sehemu moja ya mia tatu ya nouveau zaïre. Hata kampuni yenye uaminifu wa malaika, ikilipa siku hiyohiyo, ingemlipa kitu kisichonunua kiberiti. Bima ni ahadi ya pesa ya kesho, na pesa ya kesho ilikuwa imeoza.

Vita ambavyo karatasi haivihesabu

La tatu ni vita. Kindu ilitekwa na waasi wa Simba Julai 1964, na jeshi la serikali likiwa na mamluki likaurudisha mji Novemba mwaka huohuo. Septemba 1991 na tena Januari 1993, wanajeshi wasiolipwa vizuri walipora Kinshasa, na uporaji ukafika miji mingine. Oktoba 1998 Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD. Na Januari 2025 tuliona Goma ikitekwa na M23, benki zikafungwa.

Mikataba mingi ya bima duniani inaacha nje hasara za vita, ghasia na uporaji, isipokuwa kama zimeandikwa humo waziwazi na kulipiwa zaidi. Sababu ni ile ya London: vita havichomi nyumba moja, vinapiga mji mzima kwa siku moja, na kampuni haiwezi kulipa wote. Lakini kwa mtu wa Maniema, hatari aliyoiona mara nyingi zaidi katika maisha yake ndiyo ileile iliyoachwa nje. Si ajabu akisema karatasi haimjui.

Likelemba inatosha wapi?

Basi watu walijilinda wenyewe. Wenye malewa wengi wana likelemba: wanachanga kila siku au kila wiki, na kila mmoja anapokea kwa zamu. Wengine wako katika MUSO au AVEC, ambako kuna kisanduku cha msaada kwa msiba na ugonjwa. Vyama hivi vimenunua sufuria, magunia ya mchele wa Kasongo na mifuko ya simenti. Tusividharau. Vinajulikana, vinaaminika, na pesa yake iko karibu.

Hata hivyo vina mpaka. Katika likelemba unapokea pesa yako mwenyewe uliyoiweka. Kisanduku cha msaada kinaweza kumwinua mmoja aliyeanguka. Lakini wanachama kumi wanaopika kwenye mstari mmoja wa soko, mbabula kando ya mbabula, wakiunguliwa usiku mmoja, nani atamchangia mwenzake? Hatari yote imekaa mtaa mmoja. Ni kwa hilo tu bima inaishinda likelemba: inaleta pesa kutoka mahali ambapo moto haukufika.

Mlango wafunguliwa

Tarehe 17 Machi 2015 ilitolewa sheria mpya ya bima, Code des assurances, iliyomaliza haki ya SONAS ya kufanya kazi peke yake. Iliundwa pia mamlaka ya kusimamia soko hilo, ARCA. Mwaka 2019 kampuni za binafsi zilipata vibali vya kwanza, miongoni mwake Rawsur, Activa na SFA Congo, na SONAS ikabaki kama kampuni mojawapo sokoni.

Mlango umefunguliwa, lakini historia haijafutwa. Kwa hiyo mwenye restora aende na maswali yake matatu.

Swali la kwanza linatoka kwa zaïre: thamani ya mali yangu imeandikwa kwa pesa gani, na kwa bei ya wapi? Friza inayouzwa Kinshasa si bei moja na friza iliyofika Kindu kwa ndege, au kwa gari moshi kutoka Lubumbashi. Andikisha bei ya kuirudisha hapa. Na usipunguze thamani ili ulipe kidogo. Katika mikataba mingi, ukiandikisha nusu unalipwa nusu: jiko la dola 10,000 lililoandikishwa kwa 5,000, likipata hasara ya 4,000, utapewa 2,000. Kisha uliza "franchise" ni kiasi gani, yaani sehemu ya hasara utakayoibeba mwenyewe kila mara. Na kila mwaka pitia tarakimu upya.

Swali la pili linatoka kwa mlango mmoja: nani atanipokea hapa Kindu siku ya hasara? Hakikisha kampuni ina kibali cha ARCA. Uliza kama ina mwakilishi mjini, nani atakuja kupima hasara, una siku ngapi za kutoa taarifa, na fidia inalipwa ndani ya muda gani. Majibu yawe kwenye karatasi. Nawe weka fakturi na picha za vyombo vyako mbali na restora, kwa sababu ushahidi uliobaki jikoni unaungua pamoja na jiko.

Swali la tatu linatoka kwa vita: kitu gani hakilipwi? Tafuta ukurasa wenye neno "exclusions" na umwombe mwakilishi akusomee kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Uliza juu ya uporaji na ghasia. Uliza juu ya moto wa jenereta, wa chupa ya gesi na wa mbabula, maana hivyo ndivyo vinavyopika Kindu. Uliza kama mteja akiugua kwa chakula chako gharama inaingia katika "responsabilité civile". Kwa upande wa wafanyakazi, bima hiyo haichukui nafasi ya CNSS, ambako mwajiri anapaswa kuwaandikisha.

Mwenye malewa ya meza mbili huenda akapiga hesabu na kuona kwamba kisanduku cha MUSO na ndoo za mchanga karibu na moto vinamtosha kwa sasa. Mwenye ukumbi, friza tatu na wafanyakazi wanane huenda akaona vingine, na anaweza kuanza na moto peke yake kisha aongeze mengine polepole. Kila mmoja anajua jiko lake. Ila anayekataa akatae baada ya kuuliza, na anayekubali akubali baada ya kusomewa. Wazazi wetu hawakupewa nafasi ya kuuliza. Sisi tunayo.