Asili ya Nani? Hina, Piko na Historia ya Neno "Asili" katika Lebo za Vipodozi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari ya neno asili kutoka katika matumizi yake ya kawaida ya Kiswahili hadi katika lebo za vipodozi. Mfano unaotumika ni hina na rangi inayouzwa mwambao wa Afrika Mashariki kwa majina ya piko na hina nyeusi. Hoja kuu ni kwamba upotoshaji wa lebo hauanzii katika uongo wa wazi. Unaanzia katika badiliko dogo la kisarufi: nomino iliyokuwa ikidai kijalizo imegeuzwa kuwa sifa inayosimama peke yake. Makala yanaonesha kuwa badiliko hilo limeficha kemikali yenye historia ndefu ya madhara, na kwamba wanaisimu na wafasiri wana nafasi yao katika kulirekebisha.

1.0 Utangulizi

Utafiti juu ya lugha ya biashara katika Kiswahili umejishughulisha zaidi na matangazo ya redio, mabango na mitindo ya kushawishi. Lebo ya bidhaa imetazamwa kidogo, pengine kwa sababu ya ufupi wake. Hata hivyo, lebo ndiyo matini ambayo mtu huisoma akiwa na fedha mkononi, na ndiyo matini pekee ambayo kosa lake laweza kuonekana katika ngozi ya msomaji. Miongoni mwa maneno yanayojitokeza sana katika lebo za sabuni, mafuta ya nywele na rangi za kujipamba ni asili pamoja na mnyambuliko wake asilia. Maneno haya huchukuliwa na mnunuzi kuwa na maana mbili kwa pamoja: kwamba kitu kimetokana na mimea, na kwamba hakina madhara. Swali linaloongoza makala haya ni hili: neno lililomaanisha chanzo limefikaje kuwa neno la kuahidi usalama?

2.0 Asili kabla ya lebo

Neno asili limetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake unahusiana na shina na chanzo. Katika Kiswahili limekaa muda mrefu kama nomino inayodai kijalizo. Husemwa asili ya mtu, asili ya ugomvi, asili ya mji. Anayeambiwa "asili yetu ni Pate" ameelezwa watu na mahali. Methali isemayo "Mwacha asili ni mtumwa" haisifu vitu vitokavyo shambani. Inamkumbusha mtu kuwa ana watu na desturi zinazomdai uaminifu. Kwa ufupi, asili katika matumizi haya ni jambo linaloweza kuulizwa na kujibiwa: asili ya nini, na imetoka kwa nani?

Maana ya pili, yaani kitu kisichoundwa na binadamu, ipo pia na si ngeni. Inaonekana katika maliasili na katika misitu ya asili. Lakini ukinzani wa asili na kemikali, ambao leo tunauona kama jambo la kawaida, umejengeka pamoja na bidhaa za viwandani. Mfano mzuri ni msamiati wa nywele. Nywele zilizonyooshwa kwa kemikali huitwa nywele zenye dawa, na zisizonyooshwa huitwa nywele za asili. Hapa dawa, neno la uponyaji, limechukua nafasi ya kemikali, na asili imepata maana kwa kupingana nayo. Kutoka hapo hadi kuamini kwamba kila kisicho na "dawa" ni salama ni hatua moja tu.

3.0 Hina na ujuzi wa mpambaji

Hina hutokana na majani ya mhina, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Lawsonia inermis. Majani hukaushwa, hutwangwa, huchekechwa, kisha unga hukandwa kwa maji ya ndimu au chai na kuachwa uumuke. Kiambato kinachotia rangi ni losoni, ambayo hushikana na protini ya ngozi, kucha na nywele. Rangi yake ya kwanza ni ya machungwa; baada ya siku moja au mbili hukolea na kuwa nyekundu ya kahawia. Ili ikolee, hina hukaa mwilini kwa saa kadhaa, mara nyingi usiku mzima. Hina safi haitoi weusi wa wino kwenye ngozi, wala haikolei kwa nusu saa.

Ujuzi huu ulikuwa wa kawaida kwa wanawake wa mwambao. Hina ilitiwa kwa bibi harusi, ilitiwa Idi, na iliachwa na mjane aliye katika eda. Kwa hiyo ilikuwa ni alama ya hali ya mtu katika jamii kabla ya kuwa bidhaa. Aliyeitia alikuwa somo, shangazi au mpambaji anayefahamika, na ubora wa unga ulipimwa kwa harufu, kwa rangi ya kijani na kwa ulaini wake. Mtu aliyetaka kujua asili ya hina aliyotiwa aliweza kumuuliza aliyeitwanga. Hapakuwa na haja ya kuandika neno hilo popote, kwa kuwa jibu lilikuwa limekaa mkabala naye.

4.0 Historia ya weusi

Weusi wa haraka una historia nyingine, nayo haikuanzia mwambao. Katika karne ya 19, viwanda vya Ulaya vilijifunza kutengeneza rangi kutokana na lami ya makaa ya mawe. Miongoni mwa kampaundi zilizopatikana ni parafenilinidiamini, ambayo hugeuka nyeusi inapokutana na hewa au na dawa ya kuoksidisha. Mwaka 1883 ilipewa hataza nchini Ufaransa kwa ajili ya kupaka nywele na manyoya. Madhara yake kwa ngozi hayakuchelewa kujulikana.

Mkemia Eugène Schueller alipoanzisha kampuni yake ya rangi za nywele mjini Paris mwaka 1909, aliipa jina la Société Française de Teintures Inoffensives pour Cheveux, yaani kampuni ya Kifaransa ya rangi za nywele zisizodhuru. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuwa L'Oréal. Kwa mtafiti wa lugha, jina hilo ni ushahidi muhimu. Sifa ya kutodhuru haiwekwi katika jina la kampuni isipokuwa pale wanunuzi wanapokuwa wameshaingiwa na hofu. Ahadi ya usalama, kwa hiyo, ilizaliwa pamoja na shaka.

Nchini Marekani, rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, ambayo ilikuwa na parafenilinidiamini, iliwapofusha baadhi ya wanawake katika miaka ya 1930, na mmoja alifariki. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 1938 ilitungwa kwa sehemu kutokana na visa vya aina hiyo. Hata hivyo, sheria hiyohiyo iliziachia rangi za nywele zitokanazo na lami ziendelee kuuzwa, mradi lebo iwe na onyo na maelekezo ya kufanya jaribio kwanza. Rangi za kope na nyusi hazikupewa msamaha huo. Tangu hapo, ulinzi wa mtumiaji ukategemea maneno yaliyobandikwa kwenye kifungashio. Mtu asiyeisoma lugha ya onyo hakuwa na ulinzi.

Kemikali hiyo ilipoenea katika nchi zinazotumia hina, ilichanganywa na unga wa hina ili kuukoleza na kupunguza saa za kungoja. Madaktari wa Sudan waliripoti kuanzia miaka ya 1980 visa vya sumu vilivyotokana na matumizi hayo. Upande wetu, neno piko likabeba mambo mawili. Mzee anayeficha mvi husemwa kuwa amepaka piko. Bibi harusi aliyechorwa maua meusi mikononi naye amepakwa piko. Neno limevuka kutoka kwenye nywele hadi kwenye ngozi, na rangi ya kiwandani ikavuka nalo. Lakini kanuni za usalama hazikuvuka. Umoja wa Ulaya unaruhusu parafenilinidiamini katika rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na hauiruhusu kuchorwa kwenye ngozi. Mchoraji anayetumia rangi ya nywele juu ya ngozi hana kipimo chochote cha kufuata.

Matokeo yake yanafahamika vyema katika tiba ya ngozi: muwasho, malengelenge, makovu, na mahali penye mchoro kupoteza rangi. Jambo zito zaidi ni kwamba mwili ukishajenga mzio, mzio huo kwa kawaida hudumu maisha yote, na unaweza kuamshwa tena na rangi za nywele, baadhi ya rangi za nguo na baadhi ya dawa za ganzi. Msichana aliyechorwa siku ya Idi anaweza kuja kuumia ukubwani, siku atakayopaka rangi nywele zake kwa mara ya kwanza, bila kukumbuka mahali jambo lilipoanzia.

5.0 Sarufi ya lebo

Upotoshaji huu unafanyika kwa njia tatu za kiisimu.

Njia ya kwanza ni kudondosha kijalizo. "Asili ya hina hii ni majani ya mhina" ni sentensi inayoweza kuthibitishwa au kukanushwa. "Hina ya asili" au "bidhaa asilia" haielezi asili ya nini wala kwa kiasi gani. Pakiti yenye unga kidogo wa mhina na kemikali nyingi inaweza kubeba maneno hayo, na mwenye kuiuza akadai kuwa hajasema uongo. Hali hii haiko kwetu tu. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa haijatoa fasili ya kisheria ya neno lenye maana hiyo kwa vipodozi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16128 kinaeleza namna ya kukokotoa sehemu ya asili katika kipodozi, lakini hakishughulikii madai ya lebo. Na maji yakijumuishwa katika hesabu, kipodozi chenye maji mengi hupata alama za juu.

Njia ya pili ni kubakiza nomino na kubadili kivumishi. Jina hina nyeusi linamfanya msikilizaji aamini kuwa kilichopo ni hina, na kwamba weusi ni aina yake mojawapo, kama asemapo ng'ombe mweusi. Zipo rangi za nywele zinazochanganya hina na mnili, mmea wa rangi ya buluu iliyokoza, na hizo kweli hukaribia weusi kwa njia ya mimea. Lakini mchanganyiko huo hauchori maua meusi kama wino juu ya ngozi kwa dakika chache. Katika michoro mingi ya aina hiyo kinachotia rangi si hina hata kidogo. Si bure kwamba onyo linalotakiwa Ulaya kwenye rangi za nywele, linapotahadharisha juu ya michoro ya muda, huliweka jina hilo ndani ya alama za kunukuu.

Njia ya tatu ni kugawa lugha. Mfumo wa kimataifa wa kutaja viambato hutumia Kilatini kwa mimea na, kwa sehemu kubwa, Kiingereza kwa kemikali. Mfumo huo una faida kwa daktari na mkaguzi. Kwa mnunuzi wa mwambao, hata hivyo, ahadi huja kwa lugha anayoielewa, na kiambato chenye kudhuru huja kwa herufi ndogo za lugha asiyoisoma. Asili imeandikwa kwa Kiswahili. Parafenilinidiamini haikuandikwa kwa Kiswahili.

6.0 Asili na usalama

Yafaa kuongeza kuwa hata hina safi haipaswi kuahidiwa kuwa salama kwa kila mtu. Losoni inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu unaopatikana zaidi katika maeneo yaliyozoeana na malaria, mwambao wetu ukiwemo. Ukweli huu unaitenga asili na usalama kabisa. La kwanza ni swali la chanzo. La pili ni swali la athari. Lugha inayoyaunganisha kwa neno moja inamnyima mzazi nafasi ya kuuliza la pili.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonesha kuwa hasara ya upotoshaji huu imewaangukia watu wawili. Wa kwanza ni aliyeunguzwa ngozi. Wa pili ni mpambaji mwaminifu anayetwanga majani ya mhina, ambaye sanaa yake hutajwa kuwa hatari kwa makosa ya bidhaa iliyoazima jina lake. Desturi inapolaumiwa kwa kosa la kiwanda, jamii hupoteza vyote viwili, afya na urithi.

Tanzania iliweka vipodozi chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2003, na tangu 2019 jukumu hilo liko kwa Shirika la Viwango. Msingi wa kudai lebo iliyo wazi, basi, upo. Kinachokosekana ni istilahi. Wanaisimu, wafasiri na mabaraza ya Kiswahili wanaweza kusaidia kwa mambo matatu: kusanifu majina ya Kiswahili ya viambato vinavyozua mzio, ili onyo lisomeke, kulitenga jina hina na kila rangi isiyotokana na mhina, na kudai kwamba neno asili likiandikwa, lifuatwe na kijalizo chake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pakiti inayojiita ya asili iulizwe swali lilelile ambalo Waswahili wamekuwa wakimuuliza mgeni anapobisha hodi: asili yako ni wapi, na umetoka kwa nani?