Maendeleo: Kuendelea au Kuendelezwa?

Sisi walimu hulitamka neno "maendeleo" kila siku, wala hatuulizi: ni nani aendeleaye? Tarehe 20 Januari 1949, Rais Truman wa Marekani alitangaza msaada kwa nchi alizoziita zisizoendelea. Lakini tangu 1947 Serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kupeleka matrekta Kongwa, Tanganyika, kulima karanga. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama jiwe, na mvua zilikuwa haba. Wagogo waliijua nchi yao, lakini ujuzi wao haukuhesabiwa kuwa elimu. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na mamilioni ya pauni yakawa yamepotea.

Sarufi yetu yatufundisha jambo: maendeleo yatokana na kuendelea, si kuendelezwa. Basi, ndugu walimu, tusifundishe neno hili tukamsahau mtenda wake.