Ngorongoro Itazamwapo kutoka Angani

Mwanahistoria Ibn Khaldun, alipoandika Muqaddima yake mwaka 1377, alizitaja sababu zinazoifanya habari iingiwe na uongo, wala hakuanza na hila ya mwongo, bali alianza na mapendeleo ya nafsi: moyo ukishaielekea rai fulani, huipokea papo hapo kila habari inayoiafiki, na jicho la uchunguzi likafumba. Hoja hiyo hunijia kila nisomapo jambo la Ngorongoro, kwani sioni kwamba kuna mahali pengi katika Afrika Mashariki palipopigwa picha kwa wingi hivyo na pakafahamika kwa uchache hivyo.

Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael, waliruka juu ya nyanda za Serengeti na Ngorongoro kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia, wakiwahesabu wanyama na kuwapiga picha. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, Michael akafa, akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, ikatunukiwa Oscar mwaka uliofuata. Na baba mtu, alipofariki mwaka 1987, akalazwa kando ya mwanawe. Simtuhumu mzee yule kwa uongo, na insafu yanitaka niseme kwamba mapenzi yake kwa wanyama yalikuwa ya kweli, hata yakamgharimu mtoto. Walakini atazamaye kutoka angani huona makundi, haoni majina. Nyumbu elfu humjaa machoni, na boma la mchungaji humwia duara la miiba tu. Aliandika bayana kwamba hifadhi ya taifa haifai kukaliwa na watu, hata wakiwa wenyeji. Basi Wamaasai wamo katika masimulizi yake, ila wamo mithili ya doa juu ya kioo.

Na ajabu ya mwaka 1959 haikuishia hapo. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai lililomo humohumo Ngorongoro, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa jamaa ya binadamu aliyeishi kiasi cha miaka milioni moja na robo tatu iliyopita. Dunia ikapokea katika mwaka mmoja, kutoka ardhi moja, picha ya nyika isiyostahili watu na ithibati kwamba nyika hiyo ni miongoni mwa maskani kongwe za jamaa ya watu. Ikazihifadhi zote mbili katika makabati tofauti, isione haja ya kuzilinganisha.

Mwaka huohuo Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, ikawa eneo la matumizi mseto ya ardhi, lenye kiasi cha kilometa za mraba 8,300, ambamo Wamaasai, pamoja na wale waliotolewa Serengeti, wangeishi na mifugo yao kando ya wanyamapori. Hapo ndipo mizani ya mjadala wa mwaka 2022 juu ya kuhamishwa kwa wakazi wa hifadhi ilipostahili kuanzia. Badala yake, tulisomewa kila siku kwamba wakazi walikuwa 8,000 mwaka 1959 na sasa wamezidi 100,000, kana kwamba tarakimu ni hukumu; nadra mno msomaji kuambiwa kwamba wakazi waliondolewa ndani ya kreta mwaka 1974, na kwamba kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, kisha kikakatazwa tena 2009. Tarakimu ya kwanza na ya mwisho zilipita katika chujio. Yaliyo kati yakabaki juu.

Vyombo vya habari vya ng'ambo navyo havikusalimika. Jina Ngorongoro lina maana tatu: kreta, hifadhi yenye kreta hiyo, na wilaya yenye hifadhi hiyo pamoja na Loliondo. Juni 2022, vurugu zilipozuka Loliondo juu ya kuwekwa mipaka kwenye kilometa za mraba 1,500, aghlabu habari zake zilichanganywa na zile za wakazi wa hifadhi waliokuwa wakihamia Msomera, wilayani Handeni. Mambo mawili, ardhi mbili, hoja za kisheria mbili, yakavikwa lubega moja jekundu, maana lubega hupendeza katika picha. Mwenye kumtetea Mmaasai na mwenye kutaka aondoke walikuwa wakitazama sanamu ileile. Walitofautiana katika huruma tu.

Karatu, mji uliojengeka katika njia ya watalii waendao Ngorongoro, hauna nafasi katika sanamu hiyo. Mkulima wa huko, Mwiraqw, alimaye mahindi na ngano chini ya msitu wa nyanda za juu hutegemea maji yashukayo msituni humo, na usiku hukesha akipiga debe ili tembo watokao humo wasimmalize. Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, vitunguu hulimwa karibu na Wahadzabe na Wadatoga. Watu hawa wana neno la kusema juu ya uhifadhi, faida yake na gharama yake, pengine kuliko sote tunaoandika. Lakini mwenye kamera hupita Karatu akinunua mafuta na maji ya kunywa, akiwahi lango la hifadhi, Lodoare, kabla halijafungwa.