Bazee waliandika, sisi je?

Bandugu, nilipata diplome nikijua tarehe za wafalme wa Ubelgiji kuliko habari za bazee wetu. Halafu nikasoma maandishi ya André Yav ya 1965. Ni historia ya Elisabethville, leo Lubumbashi, tangu mwanzo wa ukoloni. Jina lake ni la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili chetu cha Katanga, kama tunavyosema ku soko. Yav aliandika kwa niaba ya bazee waliokuwa baboyi, wafanyakazi wa nyumba za wazungu. Mzungu aliwaona kama watumishi tu. Kumbe njo bashahidi. Mu 1990 Johannes Fabian akayachapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo yanasomwa mu université za mbali.

Hapa Mutshatsha reli inapita, kutoka Kolwezi mpaka Dilolo. Bazee walioijua enzi zake wanatutoka mmoja mmoja. Tunangoja profesa gani? Yav hakufuata sheria za tahajia, na bado tunamsoma. Kamata daftari, ukae na mzee mmoja, uandike vile anasema.