Mkokoteni Uliopewa Mwendo wa Trekta

Tela la miwa hurukaruka zaidi likiwa tupu. Wanaoishi kando ya barabara za Awendo na Ndhiwa, magharibi mwa Kenya, hawahitaji kuambiwa: lililojaa hupita likiguna, lililomwaga mzigo hurudi na makelele, minyororo ikigonga vyuma na magurudumu yakiachana na ardhi. Lawama zote hutupiwa barabara. Kweli barabara ina yake, hasa penye udongo mweusi wa Ndhiwa, ambao mvua ikikatika hukauka pamoja na mifereji iliyochimbwa na magurudumu. Lakini shimo ni lile lile kwa kila apitaye, na bado tela moja huyumba kidogo tu huku jingine likimwaga miwa njiani. Kila jadi ya uchukuzi imelazimika kuamua mshtuko wa njia umalizikie wapi, na uamuzi huo ndio unaosikika tela linapopita.

Jadi ya maksai iliamua kwa mwendo. Gari la zamani la mkulima halikuwa hata na gurudumu. Lilikuwa panda la mti lililokokotwa chini kwa mnyororo. Ulipokuja mkokoteni, fundi aliuwekea ekseli ya gari kuukuu, akaacha springi. Hakukosea. Maksai hutembea kilomita 3 au 4 kwa saa, na kwa mwendo huo gurudumu lina wakati wa kupanda jiwe na kushuka. Mpakiaji naye ana elimu yake: mzigo ukizidi mbele ya ekseli, nira huwaelemea ng'ombe shingoni, ukizidi nyuma, mpini huinuka na kuwakaba koo. Kosa hujulikana papo hapo, kwa kuwa ng'ombe hugoma.

Trekta haligomi. Kiwanda cha sukari cha SONY kilianza kusaga miwa Awendo mwaka 1979, na upande wa Homa Bay baadaye kikaja cha Sukari Industries. Ukiinama chini ya tela la kawaida la trekta linalohudumia viwanda kama hivi, utauona mkokoteni ule ule, umenenepa tu: ekseli imeshikizwa moja kwa moja kwenye chesisi, bila springi wala shokamzoba. Kilicho laini ni tairi peke yake, nayo hujazwa upepo wa kubeba tani nyingi. Upepo huo haupunguzwi mzigo ukishashushwa, hivyo tela hurudi likibingirika juu ya mpira mgumu. Mwendo sasa ni kilomita 30 kwa saa. Hapo ndipo hesabu inapouma: kwa tuta la umbo lile lile, mwendo ukiongezeka mara kumi, nguvu ya kulirusha gurudumu huongezeka mara mia.

Tazama pia pale tela linaposhikana na trekta. Pini mpya hujaa tundu lake. Misimu ikipita, tundu hulika, pini hukonda katikati, na dereva huifunga waya isichomoke. Trekta likivuta, chuma hugonga mbele. Likipunguza mwendo, tela hulisukuma na kugonga nyuma. Dereva anayesema tela lake linapiga teke hata kwenye lami laini aanze kukagua hapo kabla hajanunua tairi.

Malori ya barabara kuu ya A1, yanayotoka Isebania kupitia Migori na Rongo, yana ukoo mwingine: gari la farasi la Ulaya, ambalo springi zake Obadiah Elliott alizipatia hataza Uingereza mwaka 1804. Abiria wa gari lile alikuwa mtu mwenye fedha, na mgongo wake ulisikilizwa. Tela la lori lina vyuma vya springi vilivyopangwa juu kwa juu, na penye ekseli mbili mara nyingi huwekwa chuma cha mizani katikati: gurudumu moja likipanda, jingine hukandamizwa, na chesisi huinuka nusu tu ya kimo cha tuta. Mpango mzuri, mpaka ufike gereji ya jua kali. Mwenye lori anataka kubeba zaidi, fundi anaongeza springi moja au mbili. Likijaa linakaa sawa. Likiwa tupu, springi zinakuwa ngumu kupita kiasi kwa uzito uliobaki. Uzito ukishuka hadi robo, tela hutikisika kwa kasi maradufu.

Umoja wa Ulaya umeuingiza ulaini katika sheria: ekseli mbili za nyuma za lori, zikiwa na tairi pacha na springi za hewa, huruhusiwa tani 19 badala ya 18. Kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi pacha na 56 kwa gari zima. Ila gurudumu linaloruka hutua kwa kishindo kinachozidi uzito uliosomwa mizanini, na lami hupokea kishindo hicho. Queensland, Australia, wao waliuhamishia ulaini njiani. Miwa mingi husafiri kwa treni ndogo, reli za upana wa milimita 610, mtandao wa takriban kilomita 4,000. Migori, penye mashamba madogo yaliyotawanyika, sioni reli kama hiyo ikifika kila boma.

Hata mawimbi ya barabara ya murramu, yale yanayomtikisa mtu meno, hayahitaji springi mbovu ili yatokee. Mwaka 2007 Taberlet, Morris na McElwaine walichapisha jaribio la gurudumu likipita juu ya mchanga: mawimbi yalijijenga yenyewe gurudumu likiwa halina springi kabisa, mradi mwendo uvuke kiwango fulani. Katika barabara halisi kiwango hicho ni kilomita chache tu kwa saa. Maksai hawakifikii, trekta hukivuka likiwa bado linabadilisha gia.

Nauli ya miwa huhesabiwa kwa tani na umbali, kisha hukatwa katika malipo ya mkulima. Safari ya kurudi tupu haina tani, kwa hiyo haina mstari wake kwenye hati. Mwenye trekta anayefunga springi, au anayesimama kupunguza upepo kabla ya kurudi, hufanya hivyo kwa gharama yake, na akimaliza, wenzake wameshafika shambani wanapakia tena.