Watafsiri wa Sinema na Vitenzi Vinavyofanana kwa Sauti

Kazi ya kutafsiri filamu kwa mdomo Afrika Mashariki ilianza kabla ya ujio wa deki za video. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu ulioongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham ulikuwa na makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara, na filamu zake zilizungushwa kwa lori katika makoloni ya Waingereza ya eneo hili. Picha zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, na santuri ikachezwa sambamba na picha. Baadaye magari ya sinema ya serikali yalikuja na msemaji aliyeshika kipaza sauti na kueleza kinachoonekana. Msemaji huyo hakuhangaika na matamshi ya wazungumzaji wa filamu, kwani aliandaliwa maelezo mapema.

Hali ilibadilika video zilipoenea mitaani katika miaka ya 1980 na 1990. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo mabanda ya video, ambayo baadaye yaliitwa vibanda umiza, yalijaa watu. Filamu zilitoka Marekani, India na Hong Kong, na wengi wa watazamaji hawakuelewa lugha zake. Hapo ndipo mtafsiri alipopata ajira. Dar es Salaam jina lililovuma ni la Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye sauti yake ilisikika juu ya filamu kwenye kanda zilizosambaa. Kenya ilikuja kumpata DJ Afro, na Uganda wakawapo wasimulizi wa Kiganda. Mtafsiri sasa alitegemea sikio lake mwenyewe.

Sikio hilo lilifundwa na Kiswahili, chenye irabu tano tu. Kiingereza cha Uingereza kina karibu ishirini, zikihesabiwa na zile zinazoungana. Ndiyo maana vitenzi "live" na "leave" hufika kwa msikilizaji vikiwa kitu kimoja: i ya kwanza ni fupi na legevu, ya pili ni ndefu na kali, na Kiswahili hakitumii tofauti hiyo kutenganisha maana. Vivyo hivyo kwa "fill" na "feel", na kwa "work" na "walk". Chukua tukio la mateka aliyeelekezewa bastola, akilia kwamba anataka kufanya jambo fulani. Je, anataka kuishi au anataka kuondoka? Picha haiamui, kwa sababu yote mawili yanamfaa. Mtafsiri aliyezoea kazi husubiri sekunde chache aone mhusika anatazama mlango au anamtazama adui, kisha ndipo aseme. Anayetokea katika lugha isiyotenganisha l na r, kama Kikuyu, huwa na mtego wa ziada kwenye "play" na "pray".

Mtego mbaya kuliko yote ni "can" na "can't", maana hapo kosa hugeuza ndiyo kuwa siyo. Shuleni mwanafunzi amefundishwa matamshi ya Uingereza, yenye a ndefu kwenye ukanushi. Mmarekani hutamka a ileile katika maneno yote mawili na mara nyingi humeza t ya mwisho. Ukanushi huubeba kwa mkazo. Anayesubiri a ndefu haisikii, na stelingi, yaani mhusika mkuu, anayekataa hugeuka kuwa stelingi anayekubali.

Kanda zenyewe ziliongeza ugumu. Kila kanda iliponakiliwa kutoka kanda nyingine, sauti za juu zilififia kwanza, na humo ndimo zilimo s, f na t, sauti zinazobeba tofauti nyingi za vitenzi vya Kiingereza. Filamu za Hong Kong zilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, jambo lililoonekana kuwa msaada, lakini mengi yaliandikwa haraka na yalikuwa na makosa yake. Mtafsiri aliyeyafuata neno kwa neno alirithi makosa hayo.

Neno "stelingi" nalo limetokana na Kiingereza kilichoeleweka vibaya. Kiingereza chake, "starring", huandikwa mwanzoni mwa filamu kabla ya majina ya waigizaji, na maana yake si shujaa. Watazamaji walilichukua kuwa jina la mhusika mkuu, na sasa ni Kiswahili cha kila siku.

Diski za DVD zilipofika, mtafsiri aliweza kuwasha maandishi ya Kiingereza na kusoma kitenzi chenyewe. Kompyuta nazo zilimruhusu kurudia kipande na kurekodi upya sehemu iliyokosewa.  Lakini anayetafsiri papo hapo, kipaza sauti mkononi na watazamaji mbele yake, hana nafasi ya kurudia. Bado huamua kwa sikio na kwa kinachoonekana kwenye kioo.