Umbo la wavu wa kambamiti laamua samaki gani watakufa

WILAYA za Kibaha na Kisarawe hazina ufukwe, ingawa zote zimo katika Mkoa wa Pwani. Kisarawe iliwahi kufika baharini kupitia Kisiju, kabla eneo hilo halijawa sehemu ya Wilaya ya Mkuranga. Kambamiti wa mkoa huo huvuliwa katika maji ya Bagamoyo, Kisiju na delta ya Rufiji.

Katika maji hayo, meli za kukokota nyavu zilivua kwa miaka mingi hadi Serikali iliposimamisha uvuvi huo mwishoni mwa mwaka 2007, baada ya kambamiti kupungua. Wavuvi wadogo walikuwa wakilalamika kuwa meli hizo huwachania nyavu na kumwaga baharini samaki waliokwisha kufa.

Mjadala kuhusu meli hizo mara nyingi huishia kwenye idadi yake. Wavu wenyewe husahaulika, ilhali humo ndimo kilimo kiini cha tatizo.

Wavu wa kukokota ni mfuko mrefu wenye mdomo mpana. Mbao mbili nzito, moja kila upande, husukumwa na maji na kuutanua mdomo huo. Mbele ya ugwe wa chini huburutwa mnyororo wa kutifua tope, kwa kuwa kambamiti hujificha sakafuni. Mbao na mnyororo huo ndivyo vinavyokwangua majani ya baharini na kuharibu makazi ya viumbe wadogo.

Kwa kuwa kambamiti ni wadogo, macho ya wavu nayo huwa madogo, na samaki wachanga wa kila aina hunaswa humo. Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ya mwaka 2005 ilikadiria kuwa tani milioni 7.3 za samaki na viumbe wengine hutupwa baharini kila mwaka duniani. Zaidi ya asilimia 27 zilitokana na ukokotaji wa kambamiti katika nchi za joto.

Macho ya kawaida yana umbo la uru wa karata. Wavu ukivutwa, hujifunga. Macho ya mraba hubaki wazi. Kipande chake kikishonwa juu ya mfuko, samaki huogelea na kupenya, lakini kambamiti, asiye mwogeleaji hodari, husukumwa nyuma. Kushusha ugwe wa juu nako husaidia, kwani samaki wengi huupita wavu kwa juu.

Kifaa cha kuokoa kasa ni fito zilizowekwa mshazari ndani ya wavu. Kambamiti hupita katikati yake, kasa huelekezwa kwenye mlango wa kutokea. Sheria ya Marekani ya mwaka 1989 huzuia kambamiti kutoka nchi ambazo uvuvi wake haulindi kasa. Kwa Pwani jambo hili ni zito, kwani Mafia ni miongoni mwa mazalia muhimu ya kasa nchini.

Manahodha huhofia kuwa magogo na takataka huziba fito hizo na kambamiti wakatoroka. Hofu hiyo si ya kubuni, hasa karibu na midomo ya mito.

Nchini Kenya, ukokotaji katika Ghuba ya Ungwana ulisitishwa mwaka 2006. Uliporejea mwaka 2011, chini ya mpango wa usimamizi wa mwaka 2010, meli zilitakiwa kufunga kifaa hicho na kuvua mbali na ufukwe.